Dubu Anayeangukia Makambako Tu

Usiku wa jana niliota niko kazini, jambo ambalo lenyewe ni uonevu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini na kwenda kulala ili nipumzike na kazi.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nina banda la video hapa Makambako, nyuma ya mashine ya kusaga, lenye mabenchi, tivii moja kubwa na spika ambayo majirani wameilalamikia hadi wamechoka. Filamu inakwenda, mimi nimekaa pembeni na kipaza sauti nawaeleza watu kinachoendelea. Kichina, Kihindi, Kikorea, zote natafsiri. Sijui hata lugha moja kati ya hizo, lakini hakuna mtu aliyewahi kutoka bandani kwangu akiwa hajaelewa. Watu wananiita Ufafanuzi. Jina la ubatizo ni Gaudensi Mgaya, nalitumia benki na kanisani tu.

Siri ya kazi yangu ni kwamba mimi hutangulia. Mtafsiri wa kawaida anasubiri jambo litokee ndipo alieleze. Mimi nalieleza kabla. Nasema huyu mwenye koti jeupe atakufa sasa hivi, na kweli anakufa, na banda zima linafurahi kwamba liliambiwa mapema. Mke wangu Yusta anadai hii ni tabia mbaya, na kwamba mtu akikaa mezani na mimi hata mchuzi anaelezwa kabla hajauonja. Yusta ni mwanamke mwema, ila mambo ya sanaa hayampandi.

Basi kwenye ndoto banda limejaa. Naonyesha katuni ya zamani, ile ya dubu. Ni katuni fupi, dakika saba tu, ya enzi zile ambazo kila mnyama alivaa glavu nyeupe na kila hatua aliyopiga ilipigiwa fidla. Dubu huyu amebeba keki yenye krimu ya pinki na mishumaa inayowaka. Anaipeleka kwa mama yake, maana leo ni siku ya kuzaliwa ya mama. Nyumba ya mama iko ng'ambo ya korongo. Dubu anakimbia, anafika ukingoni, haoni kwamba ardhi imekwisha, anaendelea kukimbia juu ya hewa tupu. Hapo ndipo mimi huleta neno langu, ambalo watoto wa Makambako wanalijua kuliko wimbo wa shule.

"Masikini, hajui kwamba chini hakuna kitu."

Nalisema. Dubu anasimama hewani. Anaangalia chini. Ananiangalia mimi. Anaanguka.

Banda linacheka. Kule chini kabisa kinatokea kiwingu kidogo cha vumbi. Nanyoosha mkono nizime, kwa sababu siku zote hapo ndipo ninapozima, na mkono mwingine unanishika. Una glavu nyeupe na vidole vinne.

Dubu alikuwa ametoka kwenye tivii. Anguko lilikuwa limemkunja matuta matuta kuanzia kichwani hadi miguuni, na kila alipopiga hatua alitoa sauti ya kinanda. Keki ilikuwa mkononi mwake, nzima.

"Ndugu mtafsiri," akasema, "nina malalamiko."

Nikamwambia malalamiko yanapokelewa baada ya onyesho. Akajibu kwamba yeye hana baada ya onyesho, akishazimwa anakuwa hayupo. Nikampisha akae. Watazamaji wakasogeana kwenye benchi bila mshangao wowote. Bwana Chengula, fundi wa kuchomelea mageti ambaye hakosi bandani hata siku moja, akamuuliza kama keki ni ya kuuza.

Dubu akasema si ya kuuza, akanigeukia. Akaeleza kwamba katuni yake inaonyeshwa duniani kote, kwenye nchi za barafu na kwenye visiwa, kwenye meli, hata kwenye hospitali za watoto.

"Na kote huko mimi huvuka," akasema. "Nafika kwa mama, namlisha keki, muziki unaisha vizuri. Ni Makambako tu ndiko ninakoanguka."

Nikasema labda ni upepo. Makambako tuna upepo mkali, mgeni yeyote atakwambia.

"Si upepo. Ni wewe. Kule kwingine hakuna anayeniambia."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia watu hawa wamekuja kufafanuliwa, na mimi siwezi kuona shimo nikanyamaza kama jiwe. Nikamwambia pia kwamba anguko lake linapendwa sana hapa mjini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba mama yake wa kwenye nakala yangu, yule aliyemo kwenye flashi yangu, hajawahi kuonja keki. Anakaa dirishani anasubiri. Hata umri wake hauongezeki, kwa sababu siku yake ya kuzaliwa haijawahi kufika mwisho.

Neno hilo liliniuma. Mimi nina mama, yuko Wanging'ombe, na akisubiri kitu huwa hasemi kwamba anasubiri.

"Na mimi niseme," keki ikadakia. Ilikuwa na sauti ya bibi wa kwaya. "Nimekuwepo tangu kabla babu yako hajaota ndevu na sijachacha. Lakini mishumaa hii inaungua kila mnaponionyesha, na imefikia kooni. Ikizimika kabla hatujafika, mimi si keki ya siku ya kuzaliwa tena. Ni mkate."

Nikauliza mishumaa imebakiza maonyesho mangapi. Keki ikasema tusizungumze kwa matumaini makubwa.

Nikachukua kipaza sauti changu, nikaingia kwenye tivii.

Kioo kilikuwa laini, kina utando kama uji uliopoa. Nikapenya, na waya wa kipaza sauti ukanifuata bila kuisha. Ndani kila kitu kilikuwa na rangi kali na hakuna kilichokuwa na kivuli. Nikaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimevaa glavu, na kila mkono ulikuwa umepungukiwa kidole. Nikamuuliza dubu vidole vyangu viko wapi, akasema vimebaki upande ule, nitavikuta.

Tunatembea. Tunapita mti, kisima, nyumba ya bati jekundu. Tunapita mti, kisima, nyumba ya bati jekundu. Nikasema kijiji hiki watu wake wanafanana sana kwa ujenzi.

"Ni nyumba ileile," dubu akasema. "Mandhari yetu ni fupi, inarudiwarudiwa. Wachoraji walikuwa na haraka."

Tulipopita kisima kwa mara nyingine hapakuwa na nyumba tena. Palikuwa na ukingo wa korongo, na ukingoni mtu mzima amekaa kwenye stuli, amevaa kaki iliyopigwa pasi, filimbi shingoni. Dubu akanitambulisha. Huyo alikuwa Mvuto, anayeshughulika na kuanguka kwa kila kitu.

Nikampa shikamoo kwa moyo wote, kwa sababu nilihisi ni mkubwa kuliko watu wote niliowahi kuwaamkia. Akaitikia marahaba. Nikamuuliza kwa nini anamwonea dubu.

"Simwonei," akasema. "Sheria ya hapa ni fupi. Anayejua kwamba chini hakuna kitu anaanguka. Asiyejua apite. Mimi nakaa hapa mchana kutwa na sijawahi kumgusa mtu asiyejua."

Aliongea bila kiburi. Niligundua kwamba nampenda kidogo, na hilo lilinisumbua.

Ng'ambo ya korongo niliiona nyumba ya mama. Dirisha lilikuwa wazi, na mama dubu alikuwa amekaa ndani yake, kitambaa kichwani, mikono juu ya kizingiti, midomo imefungwa, anatutazama. Nikapaza sauti nikamwamkia. Hakuitikia. Nikarudia, shikamoo mama. Kimya. Nikamwambia dubu kwamba mimi nimelelewa, na nikimwamkia mtu mara mbili asiitikie nafahamu maana yake.

"Usimlaumu," dubu akasema. "Mimi nimechorwa kwenye karatasi angavu, picha nyingi nyingi, ndiyo maana natembea. Yeye amechorwa mara moja tu, pamoja na ukuta. Mama yangu ni mandhari."

Nikauliza, kama mama ni mandhari, atafunguaje mdomo ale keki.

Akasema hajui. "Mimi wa kule kwingine anajua, lakini nikimuuliza huwa ana keki mdomoni. Mimi wa hapa sijawahi kufika."

Pembeni, juu kabisa ya anga, duara jeusi lilikuwa limejikunja linasubiri, lile linalofunga katuni zote za zamani. Lilituangalia kwa uchovu wa mwenye duka jioni. "Nafunga muda si mrefu," likasema. "Mwenye shida aharakishe."

Tulikubaliana kwamba mimi ninyamaze. Ulikuwa mpango rahisi na kila mtu aliuona mzuri, isipokuwa keki.

Dubu anaondoka. Fidla zinaanza. Anakanyaga hewa, hatua ya kwanza, ya pili, anakwenda vizuri. Mimi nimeziba mdomo kwa vidole vyangu vyote vinane. Nyuma yangu kuna kioo, na upande wa pili wa kioo nyuso za watazamaji wangu, kubwa kama milima. Naona kimya kinawaumiza. Wanageukiana. Wanaangalia kiti changu, kitupu.

"Fafanua," akasema Bwana Chengula.

Sikufafanua. Basi wakaona kwamba mtafsiri amezidiwa na jambo fulani, na kwa kuwa ni watu wema, wakaamua kunisaidia. Banda zima, wakubwa kwa wadogo, kwa sauti moja na kwa lafudhi yangu kabisa, wakasema kwamba masikini, hajui kwamba chini hakuna kitu.

Mvuto akapuliza filimbi. Hakuonyesha furaha wala huzuni. Dubu akaenda zake chini, kikatokea kiwingu cha vumbi.

Alipanda kurudi akiwa na upana wa sinia. Keki haikuwa na mkwaruzo, lakini mishumaa yote ilikuwa imekwisha isipokuwa mmoja, mfupi kama jino la mtoto. Dubu hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Aliketi ukingoni, akamtazama mama yake, akasema labda yeye angefaa kuwa anaanguka tu. Kuna watu wanaanguka na maisha yanakwenda.

"Acha hizo," nikamwambia. Kisha nikamweleza hali ilivyo. Kunyamaza hakutufai. Wale watu wamefundishwa na bingwa, nikinyamaza mimi wanasema wao. Dawa ni kuongea mimi, niongee bila kupumua, nisiwaachie nafasi. Na niongelee ardhi.

Dubu akauliza ardhi ipi, nami nikamjibu kwamba nitaileta.

Nikaenda kwa Mvuto nikamuuliza kama sheria yake inaruhusu uongo. Akazungusha filimbi. Akasema sheria haiulizi kama alichoambiwa mtu ni kweli. Inauliza kama anajua.

Nikapuliza kipaza sauti, nikakohoa, nikaanza.

"Sasa dubu anaingia barabara ya Njombe," nasema. "Ni lami, imekauka vizuri, pana, haina shimo hata moja."

Dubu anakanyaga hewa. Hewa inampokea. Lakini nyuma ya kioo nasikia minong'ono. Bwana Chengula anauliza barabara ya Njombe ipi hiyo isiyo na shimo. Mwingine anasema huyu mtafsiri leo anaumwa. Dubu anasikia. Goti linaanza kumtetemeka, fidla moja inatetemeka nalo.

Nilielewa kosa langu papo hapo. Hakuna mtu wa Makambako anayeweza kuamini barabara isiyo na shimo.

"Isipokuwa lile shimo la karibu na kituo cha mafuta," nikaongeza, "ambalo sote tunalijua. Dubu analikwepa."

Dubu akalikwepa. Banda likaguna kwa kuridhika, maana shimo hilo wanalijua kwa majina ya magari liliyoyavunja. Goti likatulia.

Nikaendelea. Nikamletea wanawake wa mahindi ya kuchoma, na moshi wao. Nikamletea viroba vya viazi vimepangwa kandokando, na mzee mmoja amevivulia koti anavifunika kwa sababu ya baridi. Nikamletea trekta linalokwenda taratibu na foleni ndefu nyuma yake. Sikuvuta pumzi. Ndipo Bwana Chengula akapaza sauti kutoka bandani, "Mwambie na tuta la pale kanisani." Nikasema kweli, kuna tuta pale kanisani, na dubu akapanda tuta juu ya hewa, akashuka tuta, fidla zikapanda na kushuka naye. Banda likachangamka. Kila mtu akawa na kitu chake. Mmoja akataja mbwa wa fundi cherehani, mwingine akataja dimbwi lisilokauka, mama mmoja akasisitiza kwamba mkono wa kushoto kuna duka la shemeji yake na dubu asipite bila kusalimia. Dubu akasalimia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini. Watu wote wale, badala ya kumwangusha, walikuwa wanamtandikia barabara.

Keki ikaniambia kwa sauti ndogo kwamba mshumaa bado uko hai.

Tunakaribia. Naona kitambaa cha mama, naona maua yake. Nimekolea, nachezesha mikono, namwelekeza dubu akae kulia kwa ajili ya basi la Songea. Hapo nasikia mtu anakohoa pembeni yangu. Ni Mvuto. Anatembea hewani, sambamba na mimi, stuli yake kwapani.

"Samahani, mtafsiri," akasema kwa upole. "Hivi wewe unajua?"

Ndipo nilipotambua kwamba na mimi nilikuwa nimetoka ukingoni zamani. Nilikuwa nimemfuata dubu hatua kwa hatua, kwa mapenzi ya kazi, nikijenga barabara ambayo watu wote waliijua kuwa ni barabara, isipokuwa mimi niliyeibuni.

Nilijaribu kutojua. Jaribuni ninyi siku moja kutojua jambo mnalolijua, mtaona. Nilifikiria mambo mengine, nilifikiria bei ya bati na kipaimara cha mtoto wa dada. Nilijua tu.

Nikamnong'oneza Mvuto kwamba nikipiga kelele dubu atageuka, na akigeuka ataangalia. Akasema analielewa hilo, na linamsikitisha, lakini hana ruhusa ya kusamehe. Alichonacho ni tabia ya kukohoa mara moja zaidi kabla ya kazi, na hiyo hajaandikiwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nadaiwa na ndoto hii. Mimi, ambaye hutangaza hata chumvi ikipungua, nilitakiwa nianguke bila kusema kwamba ninaanguka.

Mvuto akakohoa.

"Dubu anakwenda vizuri kabisa," nikasema kwenye kipaza sauti. "Barabara inaendelea."

Nikaanguka. Kiwiliwili kilitangulia. Kichwa kilibaki juu kidogo pamoja na kipaza sauti, kikiendelea kutafsiri, na shingo ikarefuka katikati yao hadi ikaanza kupiga mlio wa kamba ya gitaa. Nilipungia mkono kwa adabu, kama ilivyo desturi ya kule. Kisha kichwa nacho kikafuata.

"Ndugu mtafsiri," nasikia dubu anauliza juu, bila kugeuka, "mbona sauti yako imepungua?"

Nikamjibu kwamba nimepunguza kwa heshima, tumefika kwenye uwanja wa mama. Nikamwambia afute miguu, kuna mkeka.

Sasa ninaanguka, na hofu imenishika, lakini kuna jambo la ajabu. Napita dirisha la mama. Naendelea kuanguka, napita mwamba, napita kichaka, na napita dirisha la mama tena. Nikakumbuka kwamba mandhari ni fupi. Hata kuelekea chini walikuwa na haraka.

Napita dirisha. Dubu yuko mlangoni, anafuta miguu kwenye mkeka ambao haupo.

Napita mwamba, kichaka, dirisha. Dubu ameweka keki mezani, mshumaa unawaka, anatafuta kisu.

Mwamba, kichaka, dirisha. Dubu amekata kipande. Amekishika kwa vidole viwili, ameinama mbele ya mama yake kama tunavyofanya kwenye sherehe, mkono mmoja chini ya kipande kisidondoke. Anangoja. Midomo ya mama imefungwa. Imechorwa imefungwa. Mshumaa unatoa moshi. Duara jeusi linashuka kutoka pande zote za anga, halina haraka lakini halisimami.

Mwamba na kichaka vilipita polepole mno. Nilipofika dirishani tena, dubu alikuwa bado ameinama vilevile, krimu inamtiririkia kwenye glavu. Uso wake sitausahau. Nikaona anataka kunitafuta kwa macho, aniulize afanye nini, na nikajua kwamba akinitafuta ataangalia chini.

Nilikuwa na pumzi moja. Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikatangulia.

"Mama anafungua mdomo," nikasema.

Hakuwa ameufungua. Bandani hakuna aliyecheka, hakuna aliyenong'ona. Wananijua. Nikisema atakufa anakufa, nikisema ataoa anaoa. Wote wakakaa wanangoja mdomo ufunguke, na nadhani hata ukuta uliona aibu kuwaangusha watu wote wale.

Mwamba, kichaka, dirisha. Mdomo umefunguka. Ni mchoro mpya, rangi yake bado mbichi, inang'aa. Kipande kinaingia.

Mwamba, kichaka, dirisha. Mashavu ya mama yanakwenda. Anatafuna. Fidla zote zimenyamaza ili asikike.

Nililia, nasema wazi, na kwa kuwa nilikuwa naanguka machozi yalipanda juu. Nasikia banda linapiga makofi, nasikia sauti ya Bwana Chengula akiwaambia wenzake kwamba lile tuta la kanisani alilitaja yeye.

Nilipita dirisha mara moja ya mwisho. Mama alikuwa amemeza, kwa sababu amelelewa, haongei na chakula mdomoni. Alikuwa ameshika shavu la mwanawe kwa mkono mmoja. Akaniona napita, akainua macho yake mapya.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Uende salama huko uendako."

Duara likafika. Likanikuta katikati, likanibana kiunoni, likasema samahani sana, mzee, vuta tumbo. Nikavuta tumbo, nikapenya.

Niliamka kitandani. Asubuhi, jua dirishani, upepo unagonga mabati, vidole vyangu vimerudi vyote. Yusta alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anafunga kanga, ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi.

Akaniambia amelala vizuri. Alisema tangu nimwoe sijawahi kulala kimya, kila usiku namtafsiria hadi kuku wanawika, na jana nilikuwa mtulivu kama watu wengine.

"Umesema mara moja tu, alfajiri," akasema. "Umesema, mama anafungua mdomo."

Nikamuuliza yeye akafanyaje.

"Nikaufungua. Kwani mimi si mama? Mtu uko usingizini, ukiambiwa unafanya." Akajilamba. "Sijui tumekula nini jana. Mdomo mtamu mpaka sasa."

Jana tulikula ugali na maharage. Pembeni ya mdomo wake, upande wa kulia, palikuwa na krimu ya pinki, kidogo sana, haizidi punje ya mchele.

Nilivuta pumzi nimweleze. Nilikuwa nimeshaandaa mwanzo, na kilichofuata, na mwisho. Yusta akajilamba tena, hakuipata, akatabasamu peke yake kama msichana, akainuka kwenda kuwasha moto wa chai. Alikuwa anatembea kwa wepesi ambao sikuwa nimeuona tangu tuhamie nyumba hii.

Nikaufunga mdomo. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza ninachoangalia ni nini.

Nikamwambia sijui.